Riwaya Ikiwa Filamu, Nani Huondolewa Mezani?

Kurasa za mwisho za "Animal Farm", riwaya ya wanyama wanaompindua mwenye shamba kisha wakatawaliwa na nguruwe, zina mchezo wa karata. Nguruwe na wenye mashamba jirani wamekaa meza moja, wanakunywa bia na kupongezana kwa namna wanyama wa shamba hili wanavyofanya kazi nyingi na kula kidogo. Ghafla ugomvi unazuka: Napoleon, nguruwe mtawala ambaye nyuma yake tunamwona Stalin, na Bwana Pilkington, mmoja wa wenye mashamba, wametupa ree ya shupaza kwa mpigo. Nje, wanyama wengine wanachungulia dirishani. Wanamtazama nguruwe, wanamtazama mtu, wanarudi kwa nguruwe, na hawaoni tena tofauti.

George Orwell hakuziweka ree mbili pale kwa kunogesha. Katika dibaji aliyoiandikia tafsiri ya Kiukraine mwaka 1947 alieleza kwamba baadhi ya wasomaji wangeweza kudhani hadithi inaishia kwa nguruwe na binadamu kupatana, ilhali yeye alikusudia kinyume chake. Aliimaliza mara baada ya mkutano wa Tehran wa 1943, ambako Stalin, Roosevelt na Churchill walikaa pamoja, na hakuamini kwamba urafiki ule ungedumu. Kwenye meza yake kila upande unaiba, wa kulia na wa kushoto.

Itazame sasa filamu ya katuni ya 1954, iliyotengenezwa Uingereza na John Halas na mkewe Joy Batchelor. Mezani wamebaki nguruwe watupu. Wageni wa karamu ni nguruwe wenzao waliotoka mashamba mengine. Pilkington hayupo, karata hazipo. Kisha punda Benjamin anawaongoza wanyama kuivamia nyumba na kumwangusha Napoleon, jambo ambalo halimo kabisa kitabuni. Filamu inakwisha kwa ushindi.

Mtu anaweza kusema filamu ni filamu na kitabu ni kitabu, na kwamba mtengeneza filamu hana budi kupunguza. Kwa riwaya ya kurasa mia tano hoja hiyo ninaikubali bila kubishana. Lakini "Animal Farm" ni kitabu cha kusomwa alasiri moja, na filamu yenyewe ina dakika sabini na kitu. Nafasi ya kuwakalisha watu watano mezani haikukosekana. Tena tukio jipya la mapinduzi ya pili linakula muda zaidi kuliko ambavyo mchezo wa karata ungekula.

Jibu lilijulikana miaka mingi baadaye. Fedha za filamu ile zilitoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Shirika hilo, kupitia watu wake wa vita vya kisaikolojia, lilihangaikia haki za kitabu kutoka kwa Sonia, mjane wa Orwell, na likamtumia Louis de Rochemont, mtayarishaji wa Marekani, awe ndiye mwenye mradi machoni pa umma. Orwell alikuwa amekufa Januari 1950, kwa hiyo hakuwapo wa kuulizwa. Ukishajua mlipaji ni nani, unaelewa kwa nini wenye mashamba waliondoka. Katika kitabu, kosa la nguruwe ni kwamba wamekuwa sawa na mabepari waliowapindua. Ukimtoa bepari kwenye picha, kosa linalobaki ni moja tu: kuwa nguruwe. Na ukiongeza wanyama wanaoinuka kuwapindua nguruwe, umewapelekea watu wa Poland na Hungaria ujumbe ambao Washington ilitaka waupate. Halas aliutetea mwisho ule kwa kusema unawapa watazamaji tone la matumaini. Huenda alikuwa mkweli kabisa moyoni mwake. Siasa ya filamu haihitaji msanii awe mwongo. Inatosha msanii mwenye nia njema apate mfadhili mwenye nia yake.

Kuna kejeli hapa ambayo Orwell mwenyewe angeicheka. Mwaka 1944 wachapishaji wa London walikikataa kitabu hiki, T. S. Eliot wa Faber akiwa mmoja wao, katika wakati ambao Stalin alikuwa mshirika wa vita na hakuna aliyetaka kumuudhi. Kilipotoka Agosti 1945, hali ya hewa ilikuwa inabadilika. Miaka michache tu baadaye kilionekana hakimshambulii Stalin vya kutosha, kwa sababu kilimshambulia pamoja na wengine. Maandishi hayakuguswa hata nukta. Kilichobadilika ni nani anayekihitaji.

Sisi huku tulikipokea kwa njia yetu. Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa jina la "Shamba la Wanyama", kikachapwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Na mwaka 1991 serikali ya Kenya ilipiga marufuku mchezo wa jukwaani uliotokana na hadithi hii, kwa maana watazamaji wa Nairobi hawakuhitaji kuambiwa nguruwe ni akina nani. Stalin alikuwa amekufa miaka karibu arobaini. Hadithi ilipoachiwa meza yake kamili, iliweza kusafiri mpaka kwetu na bado ikauma. Ile ya 1954 isingemkera mtu yeyote Ikulu, maana inasema tatizo liko Urusi na dawa yake inajulikana.

Mwaka 1999 ilitoka filamu nyingine ya "Animal Farm", safari hii ya televisheni ya Marekani, yenye wanyama halisi na vikaragosi. Nayo ikabadilisha mwisho. Utawala wa Napoleon unaporomoka wenyewe, na wanyama waliotoroka wanarudi kuwaona wamiliki wapya, familia ya watu nadhifu, wakiingia shambani kwa gari la wazi. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, shamba limepata mnunuzi, na tunatarajiwa kufurahi. Hii mimi ninaiona mbaya kuliko ya 1954. Ile ya kwanza angalau iliwaachia wanyama wafanye jambo. Hii ya pili imewarudishia mwenye shamba na kumwita tumaini.

Pale kwenye vibanda umiza vyetu, watazamaji wana sheria moja ya sinema wasiyohitaji kufundishwa: kuna steringi na kuna adui. Steringi hafi, na akisema jambo, ndilo. Wale wanaozitafsiri filamu kwa sauti juu ya sauti, tuliowazoea kwa majina yao ya U-DJ na U-VJ kuanzia Dar hadi Kampala, wanaijua sheria hiyo kuliko walimu wengi wa fasihi. Sauti moja tu ya utani kwa wakati unaofaa na adui anageuka kipenzi cha ukumbi. Hollywood iliijua zamani sana, na ilipotaka kugeuza riwaya ya kisiasa juu chini, haikuanzia kwenye maneno. Ilianzia kwa kuchagua steringi.

Riwaya ninayoifikiria ni "The Quiet American" ya Graham Greene, iliyotoka mwaka 1955. Kisa kiko Saigon, Wafaransa wanashindwa vita. Fowler ni mwandishi wa habari Mwingereza, mzee aliyechoka, anayejinadi kuwa hana upande. Pyle ni kijana wa Kimarekani, mpole, msomi wa Boston, aliyejaa nadharia za vitabuni kuhusu "nguvu ya tatu" isiyo ya wakoloni wala ya wakomunisti. Katikati yao yuko Phuong, binti wa Kivietinamu wanayemgombania. Pyle anampelekea jenerali mmoja vifaa vya plastiki vya kutengenezea mabomu, bomu linalipuka katikati ya mji, wanaokufa ni watu wa sokoni, na yeye anasimama pale akiangalia damu kwenye viatu vyake bila kuelewa amefanya nini. Fowler anawasaidia wakomunisti kumuua. Hoja ya Greene ni kali: mtu mwema asiyejua anachokifanya, akipewa fedha na silaha katika nchi ya watu, ni hatari kuliko mwovu.

Joseph Mankiewicz aliifanya filamu mwaka 1958. Pyle alimpa Audie Murphy, askari wa Marekani aliyekuwa na nishani kuliko karibu wote wa Vita Kuu ya Pili, kijana wa Texas ambaye nchi nzima ilimjua kwa ushujaa. Kabla hajafungua mdomo, mtazamaji wa Marekani alikwishaamua kwamba huyu hawezi kuwa muuaji wa watoto. Phuong akachezwa na Giorgia Moll, Mwitaliano. Na kweli, katika filamu ile Pyle hana hatia. Plastiki yake ilikuwa ya kutengenezea vitu vya kuchezea. Waliolipua bomu ni wakomunisti, na Fowler amedanganywa nao kwa sababu ya wivu wake juu ya Phuong. Inspekta wa polisi anamsomea Fowler ujinga wake mwishoni, Phuong anamkataa, na yule mwandishi aliyesema hana upande anabaki peke yake barabarani. Katika kitabu Fowler anampata Phuong, anapata hata talaka aliyoitafuta, na adhabu yake ni kwamba hana wa kumwomba radhi. Tofauti ya miisho hiyo miwili ndiyo siasa yote ya filamu.

Mkono wa nyuma ya pazia nao unajulikana. Edward Lansdale, afisa wa CIA aliyekuwa Saigon akimjenga Rais Ngo Dinh Diem wa Vietnam Kusini, alimwandikia Mankiewicz barua mwaka 1956. Alimweleza kwamba jenerali Trinh Minh Thé alikuwa amejitangazia redioni kuhusika na milipuko ya kweli ya Januari 1952, lakini waliojua hilo walikuwa wachache mno, kwa hiyo mwongozaji asisite kuonyesha kwamba wakomunisti ndio walioifanya, na hata tangazo la redio walilighushi wao. Filamu ikatoka hivyo, ikiwa na shukrani mwishoni kwa watu wa Jamhuri ya Vietnam na rais wao. Greene alilalamika hadharani kwamba ni kama filamu ilitengenezwa makusudi kukishambulia kitabu na mwandishi wake.

Si filamu mbovu, na hapa ndipo wachambuzi wengi wanapojirahisishia kazi. Jean-Luc Godard, mwongozaji wa Ufaransa ambaye hakuna atakayemwita wakala wa Marekani, aliipa nafasi ya kwanza katika orodha yake ya filamu bora za 1958. Mazungumzo yake ni makali, Michael Redgrave anamcheza Fowler kwa namna inayokufanya umchukie na kumhurumia. Tumezoea kudhani kwamba propaganda hujulikana kwa ubaya wa sanaa: maigizo makavu, hotuba ndefu, bendera. Iliyo hatari ni ile iliyotengenezwa vizuri, kwa maana ukitoka ukumbini hukumbuki kwamba kuna kitu umehubiriwa.

Mwaka 2002 Phillip Noyce aliirudia, Michael Caine akiwa Fowler na Brendan Fraser akiwa Pyle. Sehemu kubwa ilipigwa Vietnam kwenyewe, na Phuong alichezwa na Do Thi Hai Yen, binti wa Kivietinamu. Bomu likarudi kwa mwenyewe. Lakini filamu ilionyeshwa kwa watazamaji wa majaribio Septemba 10, 2001, siku moja kabla ya New York kushambuliwa. Kampuni ya Miramax ikaiweka kabatini karibu mwaka mzima, kwa kuhofia kwamba Wamarekani hawakuwa tayari kumwona mwenzao akilipua raia. Iliokolewa na tamasha la Toronto mwaka uliofuata, na Caine akateuliwa kuwania Oscar.

Wengi husema Noyce alimrudishia Greene haki yake. Nusu ni kweli. Katika filamu yake, baada ya bomu kulipuka, Pyle anasikika akitoa amri kwa Kivietinamu fasaha, lugha ambayo tulidhani haijui, na anajipangusa damu suruali akiwa mtulivu. Ghafla tunaelewa kwamba upole wote ulikuwa maigizo. Huyu ni jasusi anayejua kila anachokifanya. Ukumbi unashtuka, na ni tukio zuri. Ila sasa Pyle amekuwa adui wa kawaida wa sinema. Greene alitisha kwa kuandika kwamba Pyle hakujua. Mtazamaji wa Marekani anaweza kumkana jasusi mwongo na kulala usingizi; ni vigumu zaidi kumkana kijana mwema anayefanana na mwanawe. Kisha filamu inafunga kwa vipande vya magazeti vinavyoonyesha vita ikikua hadi majeshi ya Marekani yanafika, kana kwamba inasema: mnaona, Greene alikuwa sahihi. Greene aliandika mwaka 1955 bila kujua kitakachotokea 1965. Filamu ilikuwa na faida ya kujua, na ikaitumia kumrahisishia mtazamaji hukumu. Siasa yake ninaipenda kuliko ya Mankiewicz. Haijanizuia kuona kwamba nayo imekata mahali palepale.

Huku kwetu mvutano wa namna hii umeshawahi kutokea waziwazi kuliko hata kwa CIA, kwa sababu bodi zetu hazina subira ya kufichaficha. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu alitoa "Rafiki", filamu ya wasichana wawili wanaopendana, iliyotokana na "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika mwaka 2007. Hadithi ya Arac de Nyeko iko Kampala na imeandikwa kama barua ya msichana kwa mwenzake aliyepelekwa London. Kahiu aliihamishia Nairobi na kuongeza jambo ambalo sikuliona likisemwa sana: baba wa wasichana hao wawili ni wapinzani wanaogombea kiti kimoja cha siasa mtaani. Mabango yao yako kila ukuta. Kwa hiyo aibu ya mabinti inageuka hesabu ya kura za wazazi.

Filamu ilialikwa Cannes, ya kwanza kutoka Kenya, na Aprili mwaka huo bodi ya uainishaji wa filamu ikaipiga marufuku nyumbani. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa mapenzi ya jinsia moja. Kila msomaji ana msimamo wake na safu hii haitaubadilisha. Nataka tuangalie kilichoombwa. Kwa maelezo ya Kahiu, bodi ilimtaka abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno; ilitaka wahusika waonyeshe majuto. Wasichana kupendana muda wote wa filamu lingeweza kuvumilika kwa alama fulani ya umri, mradi mwishoni wajute. Alikataa. Mahakama Kuu ikaondoa marufuku kwa siku saba mwezi Septemba, kumbi za Nairobi zikajaa, kisha filamu ikarudi kifungoni. Bodi ya Nairobi na ofisi ya Washington hazikuwahi kuandikiana barua, lakini zote mbili zilikwenda moja kwa moja kwenye tukio la mwisho. Wanajua kusoma filamu kuliko wahakiki wengi.

Kwa Tanzania mfano wa karibu ni "Vuta N'kuvute" ya Adam Shafi, riwaya ya 1999 ambayo Amil Shivji aliitengeneza filamu mwaka 2021. Ilionyeshwa Toronto, na Tanzania ikaipeleka kwenye mchujo wa Oscar. Nilifurahi kama kila mtu. Kiswahili chake ni cha watu, Unguja imepigwa picha kwa jicho la mtu anayeipenda, na Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee asiyemtaka, anabaki na fahari yake yote. Ila riwaya ile ni pana. Denge wa Shafi, mpenzi wa Yasmin, amesoma Urusi, anasambaza maandishi yaliyopigwa marufuku, na mwandishi anampa nafasi ya kubishana, kukosea, kufungwa, na kuwafanya watu wa karibu yake walipe gharama ya msimamo wake. Filamu imembana kwenye jozi ya wapenzi. Ukomunisti wake umekuwa kama rangi ya zama, kitu cha kumfanya avutie, kama kofia na sigara.

Simlaumu mwongozaji kwa hilo kana kwamba ameficha jambo. Ninachokiona ni hesabu ya mazingira. Filamu inayogharimu fedha nyingi hutafuta fedha nje, na matamasha ya nje hupenda mapenzi yanayovuka rangi chini ya mkoloni. Nyumbani nako, Mwingereza wa miaka ya 1950 ni adui asiye na mtetezi. Hana mjumbe bodini, hana chama, hana ndugu wa kupiga simu. Unaweza kumfanya mkatili upendavyo na mhuri utapigwa. Kisa kinaisha kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964, na kila mtu anapumua.

Ndiyo maana nikitaka kujua sinema yetu imefika wapi, simwangalii Denge. Ninaiangalia riwaya nyingine ya Shafi huyohuyo, "Haini", iliyotoka mwaka 2003. Ni riwaya ya gereza na mateso, na imetokana na kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume Aprili 1972, ambayo mwandishi mwenyewe ilimpitia. Kitabu kinauzwa, kinasomwa, kimehakikiwa kwenye tasnifu za vyuo vikuu, na hakuna aliyeshtakiwa kwa kukisoma. Kitabu husomwa na mtu mmoja chumbani kwake. Filamu hutazamwa na ukumbi mzima, na ukumbi hunong'ona, huguna, na mwisho hupiga makofi au hunyamaza. Waigizaji wa "Haini" wapo. Kuta za Mji Mkongwe zipo na hazihitaji kujengewa seti. Mswada ungeandikwa kwa miezi michache na mtu yeyote mwenye kipaji, maana mazungumzo ya Shafi tayari ni ya sinema. Wanaokosekana ni wawili: wa kulipa, na wa kutia sahihi.

Nikilazimishwa kubashiri, itakayofuata ni "Kuli". Nayo ni ya Shafi, nayo ni nzuri, ina mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, na adui ni Mwingereza tena.